Habari za Kupe wa Mbwa na Makao Yake



Leo nataka kusema nanyi habari za mdudu mmoja ambaye kila mtu amemwona, na wengi wamemshika kwa vidole vyao, lakini ni wachache waliojiuliza akaapo siku zile asizoonekana. Huyo ni kupe wa mbwa. Najua wako watakaosema, "Mimi sifugi mbwa, wala mbwa hapiti mlangoni pangu, habari hizi zanihusu nini?" Nawaomba hao wavumilie kidogo, maana kupe hamwulizi mtu kama mbwa ni wake au ni wa jirani. Na wale wenye mbwa wa kuwinda, au wa kulinda zizi, au wa kufukuza nguruwe shambani, hao hawana haja ya kubembelezwa ili wasikilize. Wanajua mbwa mwema hapatikani kila siku.

Tumtazame kwanza kupe mwenyewe. Ingawa twamwita mdudu, wenye elimu ya viumbe humhesabu katika ukoo wa buibui na nge, kwa sababu akiwa mzima ana miguu minane, hali nzi, chawa na kiroboto wana sita. Hana mbawa, wala hawezi kuruka kama kiroboto arukavyo. Hutambaa tu, tena polepole, na mtu akimwona mbwa amejaa kupe yapasa akumbuke jambo hilo: mdudu asiyeweza kuruka hakutoka mbali.

Wako kupe wa namna nyingi, lakini ninayemsema hasa leo ni yule wa rangi ya hudhurungi akaaye na mbwa nyumbani. Wataalamu huamini kuwa asili yake ni bara letu la Afrika, na toka huku amefuatana na mbwa mpaka karibu kila nchi yenye joto duniani. Akiwa na njaa ni mdogo na bapa kama mbegu ya ufuta. Dume habadiliki sana, lakini jike akishiba damu huvimba, akawa wa kijivu, akafanana na mbegu ya mbarika, ile ikamuliwayo mafuta ya nyonyo. Kufanana huko si mimi niliyekuona kwanza. Warumi wa kale waliuita mbarika na kupe kwa neno moja, ricinus, na wataalamu wa mimea wangali wakiuita mbarika kwa neno hilo hata leo.

Basi yule jike aliyeshiba, siku zake zikitimia, hujiachia akaanguka. Watu wengi hufurahi wamwonapo ameanguka, wakidhani mbwa amepona. Lakini hapo ndipo mambo yanapoanza.

Katika chuo nifundishacho, wanafunzi wa ualimu walitia kupe jike wa namna hiyo katika chupa safi, wakaufunika mdomo wa chupa kwa kitambaa chembamba na kukikaza kwa uzi. Siku nne za kwanza hakufanya lolote, hata mmoja wao akasema amekufa. Siku ya tano akaanza kutaga. Mayai yalikuwa ya rangi ya kahawia, madogo kuliko punje za ulezi, nayo yakashikamana lundo moja mbele ya kichwa chake. Akaendelea hivyo zaidi ya wiki mbili, na mwili wake ukazidi kusinyaa kwa kadiri lundo lilivyozidi kukua, mpaka akabaki ngozi tupu, akafa. Wanafunzi wawili walianza kuyahesabu mayai kwa ncha ya sindano. Walipopita elfu moja waliona lundo halijapungua sana, wakaomba ruhusa ya kwenda kucheza mpira. Tukayamwagia maji yanayochemka. Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto jambo hili na afanye vivyo hivyo kabla mayai hayajaanguliwa.

Vitabu vyasema kuwa jike mmoja aliyeshiba vema aweza kutaga mayai elfu nne, na pengine zaidi. Wanafunzi, fanyeni hesabu hii ndogo. Tuseme katika kila mayai mia moja ni moja tu linalofika utu uzima, mengine yote yamepotea. Katika elfu nne watabaki kupe arobaini; tuseme nusu yao ni majike, yaani ishirini. Kila mmoja wa hao naye ataleta arobaini, nao ni mia nane. Na yote haya yalitoka kwa jike mmoja aliyeanguka sakafuni, watu wakafurahi.

Mayai yakianguliwa hutoka vitoto vyenye miguu sita, vidogo kama chembe za vumbi. Kitoto humpanda mbwa, hunywa damu siku tatu hata saba, kisha huanguka, hujificha, huvua gozi lake na kuwa kijana wa miguu minane. Kijana naye humpanda mbwa, hunywa siku tano hata kumi, huanguka tena, hujificha tena, huvua gozi na kuwa kupe mzima. Mzima humpanda mbwa mara ya tatu, na jike hunywa kwa muda wa wiki moja hivi, au zaidi kidogo. Katika nchi yenye joto mzunguko wote huweza kwisha katika miezi miwili na siku kadha. Sasa jumlisheni siku ambazo kupe alikuwa juu ya mbwa. Hazifiki mwezi mmoja. Siku nyingine zote alikuwa wapi?

Alikuwa nyumbani mwenu. Kupe huyu hapendi kukaa majani mabichi yenye umande. Apenda mahali pakavu pasipo na upepo. Hukaa katika nyufa za ukuta wa udongo, chini ya mkeka, nyuma ya sanduku, katika gunia analolalia mbwa, katika maungo ya kitanda. Tena ana tabia moja ambayo wengi hawaijui: akishashiba hupenda kupanda juu. Jike hupanda ukuta mpaka karibu na dari au makuti, akataga huko, watu wakiwa wanafagia chini kila asubuhi. Na kama hapati damu hafi upesi. Kupe mzima aweza kungoja zaidi ya mwaka mmoja bila kula. Ndiyo maana mtu ahamiapo katika nyumba iliyokaa bure miezi kumi, akaingia na mbwa wake safi, katika siku chache mbwa amejaa kupe, naye hulaumu majani ya njiani.

Twasema siku zote kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa habari ya kupe methali hii si mfano tu. Ni ufa wenyewe, nanyi mwaweza kuingiza kijiti ndani yake mkawatoa.

Haya, nije kwenye kumwondoa kupe mwilini mwa mbwa, maana ndilo jambo mnaloulizana zaidi, na ndilo lenye mazoea mabaya mengi. Wako wampakao mafuta ya taa kupe aliyeshika. Wengine humgusa kwa kijiti chenye moto, au humpaka tumbaku iliyotafunwa, wakitumaini kuwa ataudhika ajiachie. Wengine humbana kwa kucha wakamnyofoa ghafula. Yafaa mjue kwa nini njia hizi zote si njema.

Kinywani mwa kupe mna kitu kama msumeno mdogo, na meno yake yameelekea nyuma, mfano wa ulimi wa ndoana umzuiao samaki asichomoke. Tena hutoa ute ukagandamana kama gundi kando ya jeraha. Anapokunywa damu hahifadhi yote. Maji ya damu asiyoyataka huyarudisha katika mwili wa mbwa pamoja na mate yake, na kama ana vijidudu vya ugonjwa, vijidudu hivyo hupita kwa njia hiyo hiyo. Basi ukimchoma, au ukimtia mafuta, au ukimminya tumbo, waweza kumfanya atapike ndani ya jeraha yale ambayo ulitaka yasiingie. Huko si kumtoa kupe, ni kumfinya chupa ya sumu iliyokwisha kuelekezwa mdomo ndani ya nyama.

Njia njema ni hii. Mtu mmoja amshike mbwa na kusema naye kwa upole. Ikiwa ni mkali, afungwe mdomo kwa kitambaa, kwa muda mfupi tu. Mwingine achukue kibano chenye ncha nyembamba, kama kile cha kutolea miiba. Atenge manyoya, amshike kupe karibu kabisa na ngozi, kichwani wala si tumboni, kisha avute moja kwa moja, taratibu na kwa nguvu iliyo sawa, bila kuzungusha na bila kustusha. Kupe atakaza kidogo, kisha ataachia. Asiyekuwa na kibano aweza kufunga kitanzi cha uzi imara chini ya kichwa cha kupe na kuvuta vivyo hivyo, au kutumia vidole vilivyofunikwa kitambaa. Kama kipande cha kinywa kimebaki ndani, kiacheni. Ngozi itakitoa yenyewe kama itoavyo kibanzi. Kuchokoachokoa kwa sindano huleta usaha. Mahali hapo paoshwe kwa sabuni, na mikono pia.

Kupe aliyetolewa asipasuliwe kwa kucha. Natia mkazo hapa kwa ajili ya watoto, ambao hupenda kusikia ule mlio wake. Damu iliyomo tumboni mwake yaweza kuwa na vijidudu, navyo hupita penye mkwaruzo wa kidole, au katika jicho linalosuguliwa kwa mkono huo huo. Wekeni kopo dogo lenye spiriti au mafuta ya taa, mkamtumbukize humo, kisha mwishoni yote yatiwe motoni kwa uangalifu. Hiyo ndiyo kazi ya mafuta ya taa, katika kopo, wala si katika ngozi ya mbwa. Kuku nao hula kupe, na uchunguzi umelithibitisha jambo hilo, lakini kuku hapandi darini, wala haingizi mdomo katika kila ufa. Asitegemewe peke yake.

Mtafuteni kupe kila jioni mbwa arudipo. Tazameni ndani ya masikio na nyuma yake, katikati ya vidole vya miguu, chini ya ukanda wa shingo, makwapani, kinenani, na chini ya mkia. Tumieni vidole kuliko macho, maana manyoya huficha. Lakini mkigusa uvimbe, utazameni kwanza kama una miguu. Nimemwona kijana akivuta chuchu ya mbwa kwa bidii sana, akilalamika kuwa kupe huyu ameshika mno, na mbwa naye akilalamika kwa namna yake.

Kwa nini kila jioni, na si mara moja kwa wiki? Kwa sababu vijidudu havipiti vyote kwa wakati mmoja. Viko ambavyo huhitaji siku moja hata mbili za kunyonya kabla ya kuingia mwilini mwa mbwa, na kupe akitolewa mapema mbwa amesalimika. Viko vingine vipitavyo katika saa chache tu, na kwa hivyo kukagua peke yake hakutoshi. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kwamba kupe huchukua ugonjwa si habari ya zamani sana. Mwaka 1888 daktari Victor Babeș wa Romania aliona vijidudu katika damu ya ng'ombe wagonjwa, na jina lake ndilo lililopewa vijidudu vya jamii hiyo, babesia. Mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne wa Marekani walitangaza kuwa homa iliyokuwa ikiua ng'ombe kule kwao ilichukuliwa na kupe. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla Ronald Ross hajakiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu, na wachungaji waliokuwa wakisema tangu zamani kuwa kupe ndiye mwenye makosa walikuwa wamechekwa na waungwana wa mjini. Kisha mwaka 1901 Charles Lounsbury, kule Rasi ya Tumaini Jema, alithibitisha kuwa ugonjwa wa manjano uliokuwa ukiua mbwa huletwa na kupe pia. Na vijidudu vya ugonjwa huo vina hila: kupe jike aliyevinywa katika damu hurithisha watoto wake kwa njia ya mayai, hata kitoto ambacho hakijaonja damu bado huzaliwa navyo.

Babesia huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa hupata homa kali, hukataa chakula, hulala pembeni. Ukimfunua mdomo, ufizi uliokuwa mwekundu umekuwa mweupe, au wa manjano. Mkojo hugeuka mwekundu au mweusi kama kahawa. Ugonjwa mwingine uletwao na yule kupe wa nyumbani ni ule wa vijidudu viitwavyo ehrlichia, vilivyotambuliwa kwanza katika mbwa wa Algeria mwaka 1935. Huu huenda polepole: mbwa hukonda, tezi huvimba, na mara nyingine damu humtoka puani bila kupigwa. Katika vita vya Vietnam, mwishoni mwa miaka ya 1960, jeshi la Marekani lilipoteza mbwa zaidi ya mia moja kwa ugonjwa huo, mbwa waliofundishwa kwa gharama kubwa na waliokuwa na madaktari wao. Basi mtu asione haya kuwa mbwa wake wa kijijini ameugua.

Katika vijiji vya Bonde, nyuma ya Tanga, nguruwe mwitu ni adui mkubwa wa mihogo na mahindi. Mzee mmoja jirani yangu huko alikuwa na mbwa mwekundu aliyejulikana vijiji vitatu. Nguruwe wakimsikia sauti hawakungoja kumwona. Mbwa huyo alikataa chakula siku ya Jumatatu. Mzee akasema amekula kitu kibaya, akampa maziwa. Jumatano mkojo ulikuwa mweusi, Ijumaa amekufa. Masikioni mwake tulihesabu kupe kumi na saba. Mwaka ule mzee na mkewe walilala dunguni usiku baada ya usiku wakipiga makopo, na hata hivyo hawakuvuna nusu ya shamba lao. Ugonjwa huo una dawa ya sindano, na ule wa ehrlichia una dawa ya vidonge itwayo doksisiklini. Daktari wa mifugo azijua zote mbili, na kipimo chake kwa kadiri ya uzito wa mbwa. Lakini ni sharti aitwe siku ya kwanza ya kukataa chakula, si siku ya mkojo mweusi.

Wanadamu nao wana homa yao ya kupe, nayo imejulikana Kenya na kusini mwa Afrika kwa miaka mingi. Mtu huumwa kichwa na viungo, hutokwa na vipele, na mahali alipoumwa huonekana kidonda kidogo chenye gamba jeusi. Mwenye dalili hizo aende zahanati, na aseme wazi kuwa anaishi na mbwa au kuwa ameumwa na kupe, maana mganga asipoambiwa hufikiri malaria kwanza. Msichanganye homa hii na ile ya papasi. Papasi ni ndugu yake kupe, lakini yeye hutoka usiku katika sakafu ya udongo, hunywa kwa dakika chache na kurudi mafichoni. Habari zake zataka mazungumzo mengine.

Nilisema kukagua peke yake hakutoshi. Siku hizi ziko dawa njema za kumkinga mbwa: ukanda wa shingoni wenye dawa, ambao namna nyingine hufanya kazi miezi kadha; matone yatiwayo juu ya ngozi kati ya mabega, kwa kawaida kila mwezi; na vidonge vya kutafuna ambavyo huua kupe anywapo damu. Bei yake si ndogo kwa mtu wa kijijini, nalijua hilo. Lakini nawaonya juu ya njia ya mkato, nayo ni kuchota dawa ya josho la ng'ombe na kumpaka mbwa kwa kukisia. Ng'ombe hajilambi kama mbwa ajilambavyo, na dawa iliyokusudiwa kuchanganywa katika maji mengi yaweza kumwua mbwa ikipakwa kali, hasa mtoto wa mbwa. Na mwenye paka ajue neno hili: dawa iitwayo permethrini, ambayo mbwa huistahimili, ni sumu kubwa kwa paka, hata kwa kulala tu karibu na mbwa aliyetoka kupakwa. Mwulizeni afisa mifugo, na someni karatasi iliyo ndani ya kisanduku, umri na uzito, kabla hamjakitupa.

Kisha nyumba. Gunia alalialo mbwa lichomwe moto, au lichemshwe na kuanikwa juani. Mbwa apewe mahali pake pamoja pa kulala, nje ya chumba cha watu, penye sakafu ngumu inayofagika; kwa kuwa kupe huanguka zaidi pale mbwa alalapo, mtakuwa mmewakusanya adui zenu mahali mnapoweza kuwafikia. Nyufa zikandikwe upya kwa udongo uliokandwa vizuri, au zipigwe lipu kwa mwenye uwezo, kuanzia chini hata juu penye dari. Kama kupe ni wengi, nyumba na kibanda cha mbwa hupulizwa dawa iliyoruhusiwa kwa kazi hiyo, watu na kuku na vyakula vikiwa nje. Na kwa sababu mayai na wale waliojificha kuvua gozi hawafi wote mara moja, kazi hurudiwa baada ya wiki chache. Mtu akipuliza mara moja na kuacha, atasema dawa ni mbovu.

Ziko habari za mahali pengine zinazoonyesha vema jinsi mambo haya matatu, mbwa, nyumba na jirani, yanavyofungamana. Katika jimbo la Arizona, Marekani, kwenye ardhi za wenyeji wa asili wa nchi ile, kupe huyu huyu wa hudhurungi alionekana kuwaletea watu homa kali ya madoa. Katika muda wa miaka kumi hivi tangu 2003, watu zaidi ya 250 waliugua na 19 wakafa, wengine wao watoto wadogo. Mbwa walikuwa wengi wakizurura kila mahali, kama huku kwetu. Mwaka 2012 wakaanza kazi katika mtaa mmoja wa nyumba kama 500: kila mbwa akavishwa ukanda wenye dawa, awe na mwenyewe au asiwe naye, na viwanja vya nyumba vikapulizwa dawa mara kwa mara. Mwaka uliofuata, katika kila mbwa mia moja wa mtaa ule hakupatikana hata mmoja kamili mwenye kupe. Katika mtaa wa jirani ambao haukufanya hivyo, mbwa 64 katika kila mia walikuwa nao. Hii ndiyo sababu nilimwomba asiyefuga mbwa anisikilize.

Sijasema bado habari za kupe wa pili, wa rangi ya manjano, apatikanaye zaidi kwa mbwa waendao porini. Huyu hukaa majanini, na watoto wake hunywa damu ya panya. Kwake yeye kukandika ukuta hakusaidii sana. Dawa yake ni kufyeka majani karibu na nyumba, kupunguza panya, na kumkagua mbwa mara tu atokapo mawindoni, kabla hajalala. Ndiye aliyechunguzwa na Lounsbury, na hasa ndiye mletaji wa ule mkojo mweusi.

Baada ya kumtibu mbwa na kuikandika nyumba, endeleeni kukagua kila jioni kwa miezi mitatu, maana ndiyo kadiri ya mzunguko mmoja na ziada. Mwanafunzi mwenye daftari aandike kila siku idadi ya kupe waliotolewa na ukubwa wao. Wakionekana wazima tu, nao wanapungua, kazi yaendelea vizuri. Lakini wakitokea vile vitoto vyenye miguu sita, jueni kuna lundo la mayai lililoanguliwa karibu. Chukueni taa na ngazi, mkatazame ukuta ule ulio karibu zaidi na malalo ya mbwa, na muanzie juu.